ZABUNI KWA WENYEJI SI SADAKA

Wako watu, hata ndani ya Chama, wasemao kwamba Serikali ikimtengea mnyonge zabuni inamlemaza. Ndugu hao nawaomba watazame wenyeji asilia wa Marekani, wale ambao vitabu vyetu vya zamani viliwaita Wahindi Wekundu.

Watu hao hawakuzaliwa mafukara. Mwaka 1887 walikuwa na ardhi ipatayo ekari milioni 138. Ikapitishwa sheria ya kuikata ardhi ya kabila vipande vipande, na iliyoitwa "ziada" wakapewa walowezi. Kufika 1934 zilibaki ekari milioni 48 hivi. Sehemu kubwa ya iliyosalia imeshikwa na Serikali ya Washington kwa amana. Yafaa, kwa kuwa haiuzwi ovyo; lakini pia haiwekeki rehani kwa urahisi. Basi fundi wa Kinavajo mwenye akili na mikono yake akienda benki kukopa, huulizwa dhamana, naye hana. Akiwa na mkataba wa Serikali wa kujenga zahanati, anayo karatasi ambayo benki huiheshimu. Tena ardhi hiyo kabila haliwezi kuitoza kodi kama serikali nyingine zifanyavyo, kwa hiyo faida ya kampuni ya kabila ndiyo hazina ya kusomeshea watoto na kutunzia wazee. Je, huo ni ulemavu?

Haikuja kwa siku moja. Sheria ya 1910 iliiruhusu idara ya mambo yao kununua bidhaa zao, lakini kwa hiari ya mkubwa, na hiari ya mkubwa ni kama mvua za vuli. Mwaka 1986 kampuni za makabila na za wenyeji wa Alaska zikafunguliwa mlango wa mpango uitwao 8(a), ambamo Serikali huweza kumpa mtu kazi bila mashindano marefu. Hapo ofisi nayo hufaidika, maana hupata kazi yake upesi.

Wapinzani hupiga kelele za ubaguzi. Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kutamka mwaka 1974, katika shauri la ajira, kwamba upendeleo kwa wenyeji hao hautokani na rangi ya ngozi. Watokana na uanachama wao katika mataifa yenye uhusiano wa kisheria na Serikali.

Hatari iko kwingine: mwenyeji kuwa jina tu. Mwaka 2006 wakaguzi wa Bunge la Marekani walionya kwamba mikataba ya kampuni za Alaska haikusimamiwa vya kutosha. Ndiyo sababu sheria hutaka umiliki usiopungua asilimia 51, na katika kazi za huduma kampuni haipaswi kuwalipa wengine zaidi ya nusu ya fedha.

Hapa Tanzania nasi tunayo sheria ya kutenga asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Katika kuzunguka matawi nimekuta kikundi cha vijana ambacho muhuri wake u mfukoni mwa tajiri wa mjini, na vijana hulipwa posho ya kutia sahihi. Makatibu wa matawi waulize kila kikundi mambo mawili: nani hutia sahihi benki, na mikono ya nani ifanyayo kazi. Majibu yasomwe mbele ya wanachama, na nakala ifike kwa diwani kabla zabuni haijatolewa.