Si kila nyama uzembe ni ya uzembe

  Wiki hii mambo ya mahaba nimeyaweka kando kwanza, maana nina ugomvi. Nagombana na watu wanaocheka wanene.

Nyote mnaijua tabia hii. Dada wa watu akipanda daladala, konda anapiga kelele, "Bonge huyo, mpisheni, alipe nauli ya wawili!" Abiria wanacheka. Akienda kwenye sherehe akapakua chakula, macho yote yanahamia kwenye sahani yake. Akipakua kidogo, wanasema anajikosha mbele za watu. Akipakua kama wenzake, wanasema si unaona?

Halafu kuna hili jina tulilowapa wenzetu, "nyama uzembe". Sijui nani alilibuni, ila alikuwa na roho mbaya. Maana jina lenyewe ni hukumu tayari. Ukiwa nayo wewe ni mzembe, mvivu na mlafi, kesi imekwisha. Hakuna anayekuuliza umetokea wapi.

Sasa mimi nauliza. Je, kama sehemu ya huo unene ilipangwa kabla mtu hajazaliwa? Tena si kwa sababu mama yake alikula sana, bali kwa sababu alikosa chakula?

Najua hapo wengine mmeguna. Njaa na unene wapi na wapi? Hata mimi niliposoma jambo hili mara ya kwanza nilirudia ukurasa. Basi tuelewane polepole. Lakini ili nieleze vizuri inabidi tusafiri kidogo, twende Uholanzi, mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Huko ndiko jambo lenyewe lilikoonekana waziwazi.

Mwaka 1944 Uholanzi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Majeshi ya Uingereza, Marekani na wenzao yalikuwa yanakuja yakitokea kusini. Serikali ya Uholanzi, ambayo ilikuwa imekimbilia London, ikawaomba wafanyakazi wa reli wagome ili kumkwamisha adui. Septemba 17 mwaka huo mgomo ukaanza. Wajerumani wakakasirika, wakajibu kwa kuzuia chakula kisiende kwenye miji ya magharibi kama Amsterdam, Rotterdam na The Hague. Mwezi Novemba walilegeza kidogo, wakaruhusu chakula kipite kwa mashua. Bahati mbaya baridi kali ikaingia, mifereji ikaganda barafu. Mashua zitapita wapi?

Mgawo wa chakula ukashuka. Ilipofika mwisho wa Novemba mtu mzima alikuwa hapati hata kalori 1,000 kwa siku. Mwanzoni mwa 1945 mgawo ukawa kati ya 400 na 800. Kwa wasiojua hesabu hizi, mwanamke wa kawaida anahitaji kama 2,000. Kwa hiyo tunazungumzia kipande cha mkate na viazi viwili vitatu, basi, mpaka kesho. Watu walikula vitunguu vya maua ya tulip. Walikula mizizi ya kutengenezea sukari, ile ambayo siku za amani ni chakula cha ng'ombe. Watu kama 20,000 walikufa. Waholanzi wenyewe wanakiita kipindi hicho Majira ya Baridi ya Njaa.

Njaa hiyo ilikwisha Mei 1945, Wajerumani waliposalimu amri. Chakula kikaingia kwa wingi, na baada ya muda si mrefu watu wakawa wanakula vizuri tena.

Lakini wakati wote huo, jamani, wanawake walikuwa wanabeba mimba. Vita haizuii mimba. Wapo waliokutwa na njaa mimba ikiwa changa kabisa, na wapo waliokutwa nayo tumbo likiwa kubwa, wamebakiza wiki chache kujifungua.

Watoto wale walizaliwa, wakakua, na kwa Uholanzi ya wakati ule kijana wa kiume akifika miaka 18 au 19 alikwenda kupimwa afya kwa ajili ya jeshi, kwa mujibu wa sheria. Akapimwa urefu, akapimwa uzito, ikaandikwa. Wazungu kwa kuandika hawajambo. Ndipo watafiti watatu wa Marekani, Ravelli, Stein na Susser, wakayachukua makaratasi ya vijana 300,000. Kwa taarifa yenu, hao wawili wa mwisho, Zena Stein na Mervyn Susser, walikuwa mke na mume, wazaliwa wa Afrika Kusini walioihama nchi yao enzi za ubaguzi wa rangi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1976.

Walikuta nini? Vijana ambao mama zao walikumbwa na njaa katika nusu ya kwanza ya ujauzito walikuwa na wanene kupindukia karibu mara mbili ya wenzao ambao hawakuguswa na njaa. Ndiyo, mara mbili! Na wale ambao njaa iliwakuta miezi ya mwisho tumboni, na miezi ya kwanza baada ya kuzaliwa? Hao walikuwa kinyume chake, wanene walikuwa wachache kuliko kawaida.

Kwa hiyo njaa ni ile ile, mji ni ule ule na mgawo ni ule ule. Tofauti ni mimba ilikuwa na umri gani siku njaa ilipobisha hodi.

Maelezo ya watafiti wale yalikuwa hivi. Miezi ya mwanzo ndipo ubongo wa mtoto unapojenga ile sehemu inayotawala njaa na shibe. Ikijengwa wakati hakuna chakula, inaweza ikapangwa vingine. Miezi ya mwisho ndipo mwili unapotengeneza kwa wingi chembe za kuhifadhi mafuta. Ukikosa chakula hapo, ghala linakuwa dogo.

Mimi huwa naielewa kwa mfano wa mtu aliyekulia katika dhiki. Leo amepata kazi nzuri na ana nyumba, lakini bado anaficha pesa chini ya godoro. Ukimuuliza anaogopa nini, hana jibu. Dhiki ilimfundisha akiwa mdogo kwamba kesho haina uhakika. Basi na mwili ni hivyo hivyo. Mtoto akiwa tumboni anapokea habari za dunia kupitia kwa mama. Habari zikiwa ni njaa tupu, mwili unajifunza kuweka akiba. Halafu anazaliwa, vita imekwisha, siagi na jibini zimejaa mezani. Mwili hauna habari kwamba mambo yamebadilika, wenyewe unaendelea kuficha chini ya godoro.

Sasa sikilizeni hili, hasa kina mama. Watoto walioguswa na njaa miezi ya mwisho walizaliwa wadogo, wakipungua karibu gramu 300. Hao mkunga aliwaona. Lakini wale walioguswa mwanzoni tu, kisha mama akapata chakula, walizaliwa na uzito wa kawaida. Mizani haikusema kitu. Mkunga alisema hongera mama, mtoto mzuri, kumbe jambo limeshapita kimya kimya.

Na wala haikuishia ujanani. Mwaka 1999 ilichapishwa habari ya watu 741 waliozaliwa Amsterdam miaka ile ya vita na baada yake, ambao sasa walikuwa wamefikia miaka 50. Wanawake waliokutwa na njaa wakiwa mimba changa walikuwa wazito kwa urefu wao kuliko wenzao, kwa zaidi ya asilimia 7. Kwa wanaume wa umri huo tofauti haikuonekana wazi. Kwa hiyo kaka zangu mnaocheka kina dada mtaani, hapo mnyamaze kidogo.

Najua yupo atakayesema hayo ni ya Wazungu na baridi yao. Haya, turudi Afrika. Nigeria ilikuwa na vita ya Biafra kuanzia 1967 mpaka 1970. Wazee wetu wanaikumbuka, maana Tanzania ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, Aprili 1968. Njaa iliyotokea kule picha zake zilizunguka dunia nzima. Miaka 40 baadaye watafiti walikwenda mjini Enugu, wakapima watu zaidi ya 1,300 waliozaliwa kabla ya njaa ile, wakati wake na baada yake. Waliokuwa tumboni au wachanga wakati wa njaa walikuwa na uzito wa ziada zaidi, shinikizo la damu zaidi na sukari nyingi zaidi kwenye damu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Hakuna barafu pale, na hakuna tulip.

Sasa msije mkanielewa vibaya. Sijasema kila mnene alikutwa na njaa tumboni. Wapo wanaokula chipsi mayai saa sita usiku kila siku, na hao wanajijua. Pia sijasema kila aliyekutwa na njaa atanenepa. Hata wale vijana wa Uholanzi, wengi wao hawakuwa wanene. Katika kila 100 walikuwa kama watatu, badala ya mmoja na nusu. Tunazungumzia mwelekeo, hatuzungumzii hukumu. Mazoezi na kula kwa kiasi bado vinasaidia, asije mtu akaacha kutembea akasema aah, mimi niliumbwa hivi.

Ninachosema ni kwamba watu wawili wanaweza kula ugali ule ule, wakatembea njia ile ile, na mmoja mwili wake ukaweka akiba kuliko mwenzake. Huyo anapigana vita ambayo wewe kimbaumbau huijui. Ukimwita mzembe unamwonea.

Na tafadhali, lawama tusizitoe kwa mtoto tukamtupia mama. Maana nawajua watu wa mtaani kwetu, kesho nitasikia, "Mama yako ndiye kakuponza." Wale wanawake wa Amsterdam hawakuchagua njaa. Wanaume wenye bunduki ndio waliochagua. Na hapa kwetu pia mama mjamzito hachagui njaa. Mara nyingi anaachiwa pesa ya matumizi isiyotosha hata fungu la dagaa. Anapika, anapakulia baba kwanza, watoto wanafuata, yeye anamalizia ukoko. Wengine wanakatazwa mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Kwani kuku wana nywele?

Tena kosa letu kubwa ni kusubiri tumbo lionekane. Mama akifikisha miezi saba ndipo tunaanza kumpisha kiti na kumuuliza anajisikia kula nini. Ni vizuri, usiache. Lakini wale vijana 300,000 wanatuambia miezi ile ya mwanzo, wakati mama anatapika na hakuna anayejua isipokuwa yeye na mumewe, nayo inahesabika. Na mara nyingi huo ndio wakati hata hamu ya kula hana.

Kwa hiyo ukijua tu kwamba siku zako zimepitiliza na mimba imeingia, wahi kliniki, usisubiri. Vidonge vya kuongeza damu unavyopewa umeze, usivifiche kabatini. Kama chakula kingi hakikai tumboni, kula kidogo kidogo mara nyingi. Maharage, dagaa, mayai, mchicha, matunda ya msimu, hivyo vyote viko sokoni na havihitaji utajiri. Na lile neno la kula kwa ajili ya wawili lisikuchanganye. Siyo sahani mbili za wali. Maana yake ni usikose, na uchanganye vyakula.

Na wewe baba mtarajiwa, nakuona unavyotaka kufungua ukurasa wa michezo. Ngoja kwanza. Jioni ukipita kwa muuza mishkaki ukala miwili ukiwa umesimama, kumbuka nyumbani kuna wawili hawajala. Funga miwili mingine kwenye karatasi, ipeleke. Mtoto wako hajapata hata jina, lakini ameshaanza kusikiliza kama dunia anayokuja ina chakula au haina.