Zawadi ya Kadi Hulipwa na Nani?

Mpwa wangu anayeishi Marekani aliniuliza juzi: "Mjomba, nichukue kadi ipi ya mkopo, ya pointi za ndege au ya kurejeshewa fedha?" Nilimjibu kama wajibuvyo wengi: tazama matumizi yako. Asafiriye mara kwa mara achukue pointi. Ambaye fedha zake huishia kwenye vyakula na mafuta ya gari achukue marejesho. Kisha nikamuuliza lile ambalo matangazo ya benki hayaulizi: zawadi hiyo hulipwa na nani?

Benki si mjomba wa mtu. Kadi inapotumika dukani, mwenye duka hukatwa ada, ambayo Marekani hukaribia asilimia 2 ya bei. Naye huifidia kwa kupandisha bei, na bei hiyo humkuta hata mfagizi anayelipa taslimu na asiyepata pointi hata moja. Mwaka 2010, wachumi wa Benki Kuu ya Marekani tawi la Boston walikadiria kwamba kaya inayolipa taslimu hupoteza wastani wa dola 149 kwa mwaka, ilhali kaya inayotumia kadi hunufaika kwa dola 1,133. Kwa kuwa wenye kadi nono aghalabu ndio wenye kipato kikubwa, maskini anamlipia tajiri nauli ya likizo.

Mlipaji wa pili ni mdaiwa. Asilimia 2 ya ununuzi wa dola 1,000 ni dola 20. Deni hilohilo likikaa mwaka mzima kwa riba ya asilimia 20, atalipa takriban dola 200. Cha mlevi huliwa na mgema. Asiyeweza kumaliza deni kila mwezi asitazame zawadi kamwe, atazame riba.

Watetezi husema hakuna aliyelazimishwa. Yule mfagizi alitia saini wapi? Umoja wa Ulaya, mwaka 2015, uliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa ada ambayo benki hutozana kupitia kadi za mkopo. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2010, ilibana ada za kadi zinazokata fedha moja kwa moja kwenye akaunti, ikaziacha kadi za mkopo zitambe. Huo ni uamuzi wa kisiasa, si kudra.

Simlaumu mpwa wangu. Na achague kadi imfaayo. Ila asiiite zawadi. Ni mchango wa wasionacho, uliokusanywa bila wao kuulizwa.