Kitale Imo Kitabuni

Likizo iliyopita nilisoma *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka wa 1996. Siku hizi haitahiniwi, kwa hiyo niliisoma kwa raha zangu. Kongowea Mswahili anatoka Tanga kumtafuta babake, na safari yamleta wapi? Kitale! Jamani, hapa hapa kwetu. Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyekulia Cherangany, hakuona haya kuuandika mji wa mahindi na matope.

Sasa tazameni insha zetu. Mwandishi ni wa Kamukuywa, lakini shujaa wake anapunga upepo wa bahari asiyowahi kuiona. Methali tatu aya ya kwanza! Mbona utingo wa matatu ya Webuye haandikwi? Maneno anayo, tena ya bure.

Wapo wanaosema video ndizo zinazotuharibia Kiswahili. Mimi sikubali. DJ Afro akisimulia filamu ya mapigano, hakuna anayetoka kibandani. Lugha yake haifai insha, sawa, ila hakuna anayesinzia. (Gemu za mpira hazina hadithi, tuziache.)

Kinachotuharibia hasa ni mwongozo, kile kitabu chembamba kinachokupa maudhui na wahusika kabla hujakutana nao. Wengi wetu twawajua wahusika kama tunavyowajua watu wa matangazo ya vifo redioni: jina, kijiji, basi.

Chama chetu kina nakala moja ya *Siku Njema*. Jalada limeng'oka, kurasa zote zimo. Orodha ya kuiazima anayo katibu.