Trela ilibaki, filamu ikapotea

Wasee, Gatsby mnayemjua ni wa DiCaprio, ile filamu ya 2013. Lakini The Great Gatsby ya kwanza ilitoka 1926, mwaka mmoja tu baada ya riwaya ya F. Scott Fitzgerald. Filamu bubu, Warner Baxter ndiye Gatsby. Leo imebaki trela tu, kama dakika moja hivi. Yaani tangazo limeishi kuliko kazi yenyewe! Sauti ilipoingia kwa sinema, studio nyingi ziliona filamu bubu hazina pesa tena, zikaacha kuzitunza.

Na sisi tunaoshuti kila siku? Kazi ikikaa kwa akaunti moja tu, haiko salama. Weka nakala mbili, sehemu tofauti. Kupendwa leo si kutunzwa.