RISASI ZANGU ZINAHESABIWA, ZAO JE?

Leo naungama. Nina bastola, ninaimiliki kihalali, na ninaipenda. Najua wapo wanamageuzi wenzangu watakaoguna: kumbe huyu naye ni walewale, anatembea na chuma kiunoni kama matajiri wa tanzanite! Gunieni tu. Ila nisikilizeni kwanza, hasa wewe chalii wa Kaloleni, Unga Limited na Sanawari, unayemwona mtu baa ameinua shati makusudi ili kitako cha bastola kionekane, ukadhani umeona mwanamume.

Yangu ni Glock 17, ile ya ukubwa kamili. Waaustria ndio waliotengeneza, na jeshi lao likaichagua mwaka 1982. Magazini inabeba risasi 17 za milimita 9. Kuivaa ni adhabu: ukikaa kwenye gari inakuchoma mbavu, ukiinama inakukumbusha kwamba ipo. Ndiyo maana wenye fedha zao hununua zile fupi za kufichika. Shauri yao. Bastola fupi na nyepesi hupiga teke kali, mkono unaruka, na risasi ya pili inakwenda inakotaka yenyewe. Kubwa ina uzito wa kumeza lile teke, na mpini wake unajaa kiganja.

Nikipata nafasi Jumamosi naamka alfajiri, kabla wingu halijaifunika Meru, naenda kwenye uwanja wa shabaha. Hakuna anasa pale. Kuna karatasi zilizobandikwa kwenye mbao, na nyuma yake tuta refu la udongo. Masikio unayaziba, macho unayavalisha miwani. Risasi ya kwanza karibu kila mara naiharibu, kwa sababu mwili unauogopa mlio kabla haujatokea na mkono unashuka wenyewe. Basi naishusha bastola, napumua, naanza upya. Macho kwenye kilengeo cha mbele, kidole kinavuta polepole bila haraka ya kumaliza. Mpaka risasi ya thelathini hivi, kichwa kimetulia. Madeni, kodi ya nyumba, Katibu Kata, vyote vimesahaulika. Matundu yanaanza kukaribiana katikati ya karatasi. Hiyo raha siwezi kukudanganya kwamba haipo. Ipo, tena tamu.

Lakini ngoja nikwambie nilivyoipata. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Uwe na umri usiopungua miaka 25. Unaanzia mtaani, unapanda kata, unapanda polisi wa wilaya, unafika kwenye kamati ya usalama ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya, mteule wa Rais. Huko wanakupima tabia, na wewe na mimi tunajua kwamba katika nchi hii tabia njema mara nyingi ina rangi ya kijani na njano. Mimi nilipita, sijui kwa bahati gani. Silaha ina namba, na namba ina jina langu. Mwaka 2016 wamiliki nchi nzima tuliitwa kuhakikiwa, tukapanga foleni. Nikinunua risasi inaandikwa ni ngapi. Sinung'uniki. Mtu mwenye chombo cha kuua ahesabiwe.

Pale uwanjani kuna amri ambazo mgeni hufundishwa hata kabla hajagusa kitu. Kila bastola ichukulie kuwa ina risasi. Mdomo wake usiuelekeze kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje mpaka umeamua. Na ya mwisho, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu: ujue kilichopo nyuma ya shabaha. Risasi ya milimita 9 inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja. Ukifyatua hewani pale Kaloleni, utaniambia itaangukia nani? Mama muuza ndizi Soko Kuu? Mtoto Levolosi? Ndiyo maana lile tuta la udongo lipo.

Sasa tarehe 5 Januari 2011, hapa hapa Arusha, polisi walipofyatua risasi kwenye maandamano ya CHADEMA yaliyotokana na mgogoro wa umeya, nyuma ya shabaha kulikuwa na nini? Kulikuwa na mji mzima. Watu watatu walikufa, mmoja wao raia wa Kenya.

Tarehe 16 Februari 2018, Kinondoni, Dar es Salaam, polisi walikuwa wanawatawanya waandamanaji siku moja kabla ya uchaguzi mdogo. Nyuma ya shabaha kulikuwa na daladala. Ndani yake alikuwamo Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, ambaye hakuandamana popote. Akafa. Jalada likafungwa mwaka uleule kwa maelezo kwamba haikuwezekana kumjua askari aliyefyatua. Waliotiwa hatiani, Machi 2020, ni viongozi wa CHADEMA, kwa kesi iliyotokana na maandamano yaleyale, faini jumla shilingi milioni 350. Mahakama Kuu ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2021, lakini Akwilina hakuna mahakama ya kumrudisha.

Haikuwezekana kumjua! Mimi raia mmoja wa Arusha, nikipoteza risasi moja ninaitwa kujieleza. Askari anakabidhiwa bunduki ya serikali kwenye ghala la serikali, na anapoirudisha jioni magazini ni nyepesi kuliko ilivyotoka asubuhi. Nani anaipokea? Anaandika nini?

Na Oktoba 29, 2025 na siku zilizofuata, vijana wa umri wako wakauawa kwa risasi barabarani. Tangu hapo nasikia vijiweni wanaosema, basi nasi tutafute vyuma. Kijana, nakukatalia waziwazi, na nakukatalia nikiwa na bastola yangu kiunoni. Karatasi hairudishi risasi, na mimi mwenyewe, mwenye miaka ya mazoezi, bado ya kwanza naikosa. Ukishika chuma unawapa sababu wanayoitafuta, na atakayeanguka ni yule mama wa ndizi.

Dai kitu kingine, kidogo na kikavu. Jumamosi iliyopita nilipiga risasi 50, nikaokota maganda 50, nikayahesabu mara mbili kabla sijaondoka. Nataka kuona daftari la ghala la silaha la tarehe 5 Januari 2011. Zilitoka ngapi, zikarudi ngapi, na kila pengo lina jina la nani.