Kusaka hazina karibu na stesheni: mchezo au tishio?

Abiria wa treni nchini Uingereza wameuzoea wito mmoja: ukiona kitu kinachotia shaka, toa taarifa. Wito huo umekuwa ukirudiwa stesheni na ndani ya mabehewa tangu Novemba 2016. Lakini karibu na stesheni nyingi za vitongoji vya nchi hiyohiyo kuna vijikasha vilivyofichwa makusudi, na kuna watu wanaovitafuta huku wakijitahidi wasionekane.

Mambo haya mawili yanakaaje pamoja?

Mchezo wenyewe ni upi?

Mchezo huu unajulikana duniani kama jiokeshingi. Mtu anaficha kasha, anaandika latitudo na longitudo zake kwenye mtandao, na wengine wanalitafuta kwa simu au kifaa cha GPS. Ukilipata, unaandika jina lako kwenye daftari dogo lililomo ndani, kisha unalirudisha palepale.

Ulianzia Marekani. Mwanzoni mwa Mei 2000, Rais Bill Clinton aliamuru kuondolewa kwa kizuizi kilichokuwa kikipunguza makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Siku moja tu baada ya kizuizi kuondolewa, Mei 3, Dave Ulmer alificha ndoo yenye vitu mbalimbali katika jimbo la Oregon na kutangaza mahali ilipo. Leo makasha duniani yanahesabiwa kwa mamilioni.

Kwa nini stesheni?

Uingereza ina msururu mzima wa makasha uitwao SideTracked, unaofuata vituo vya reli. Abiria anayesubiri treni anapata cha kumshughulisha, na anayefika mtaa mgeni anapata sababu ya kutazama alipo.

Aina inayopendwa sana ni ya mafumbo. Hapa hupewi mahali pa kasha moja kwa moja. Tuseme umeambiwa latitudo ni nyuzi 51 na dakika 25.ABC. Herufi A ni tarakimu ya mwisho ya mwaka ulioandikwa kwenye kibao cha ukumbusho cha stesheni, B ni idadi ya njia za reli, na C ni idadi ya mabenchi. Kama kibao kinasema 1884, njia ni 2 na mabenchi ni 7, jibu ni 25.427. Longitudo inatafutwa vivyo hivyo, kisha unatembea hadi kwenye kasha, ambalo huenda liko bustanini au kando ya njia ya waenda kwa miguu.

Hofu inatoka wapi?

Hofu ina historia. Februari 1991, bomu lililotegwa na IRA kwenye pipa la taka liliua mtu mmoja katika stesheni ya Victoria, London. Mapipa yaliondolewa, na hata leo katika stesheni nyingi utaona mifuko ya taka inayopitisha mwanga ili kila kilichomo kionekane. Julai 7, 2005, watu 52 waliuawa katika mashambulizi dhidi ya treni tatu za chini ya ardhi na basi moja jijini London.

Katika nchi yenye kumbukumbu hizo, kijikasha kilichofichwa hakichukuliwi kirahisi. Julai 2011, katika mji wa Wetherby, kaskazini mwa England, mtu alionekana akihangaika na kitu karibu na chombo cha maua nje ya mkahawa. Polisi waliitwa, barabara ikafungwa, na wataalamu wa jeshi wa kutegua mabomu wakakilipua kitu hicho. Kilikuwa kasha la mchezo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, lakini watu waliingiwa na hofu na shughuli za mji zikasimama.

Hatari ya kukosea hesabu

Kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi sana. Dakika moja ya latitudo ni takriban mita 1,850. Katika fumbo letu, ukikosea B kwa moja tu, jibu linasogea zaidi ya mita 18. Umbali huo unatosha kukutoa kwenye njia ya umma na kukupeleka upande wa pili wa uzio wa reli.

Kusini mwa London, treni nyingi za vitongoji hupata umeme kutoka reli ya tatu iliyo karibu kabisa na ardhi, yenye volti 750. Kuigusa kunaweza kuua. Kuingia kwenye njia ya reli bila ruhusa nako ni kosa, na faini yake inaweza kufika pauni 1,000.

Nani anayeshukiwa?

Hata anayefuata sheria zote bado hukabili macho ya watu. Mtu anayezunguka stesheni akihesabu mabenchi na kupiga picha vibao anaweza kuonekana mpenzi wa treni au mtu wa kuripotiwa, na tofauti hiyo mara nyingine hutokana na sura yake. Nchini Marekani, mchezaji mmoja mweusi wa Texas ana blogu aliyoiita Geocaching While Black, kuhusu kucheza mchezo huu akiwa mtu mweusi. Kwa jamaa zetu wanaoishi Ulaya na Marekani, hilo si jambo la nadharia. Wito wa kuripoti kinachotia shaka hauelezi shaka hiyo inaanzia wapi.

Je, dawa ni kupiga marufuku?

Kwa maoni yangu, hapana. Fumbo lenyewe ndilo njia ya kutokea, kwa sababu linatenganisha mambo mawili: stesheni inatoa namba, na kasha linakaa kwingine. Namba ziko hadharani kwa kila abiria, na hakuna haja ya kuacha chochote karibu na treni. Kwa hiyo kinachohitajika si uzio mpya, bali mtunzi wa fumbo anayejali. Aombe ruhusa ya mwenye eneo, atumie chombo kinachoonyesha kilichomo, aandike juu yake kwamba ni cha mchezo, na ajaribu majibu yasiyo sahihi aone yanampeleka mtu wapi. Makasha hukaguliwa na watu wa kujitolea kabla ya kutangazwa, lakini wao hawasimami pale mtaani. Mtunzi ndiye anayepajua.

Kwetu pia swali hili lina maana. Anayepanda treni ya SGR pale Syokimau, Nairobi, anajua utaratibu wa kupanga mizigo chini kwa mstari ili mbwa wa polisi wainuse. Kijana wa kwetu atakayevutiwa na mchezo huu aanze na fumbo lisilohitaji kasha stesheni, na azungumze na wasimamizi kabla hajaanza kuhesabu chochote. Mlinzi aliyeelezwa mapema hatakuwa na sababu ya kupiga king'ora.