Songea, 1906: Mwaka Mmoja na Mikondo ya Historia ya Ulimwengu

Utangulizi

Tarehe 27 Februari 1906, mjini Songea, serikali ya Wajerumani iliwanyonga viongozi wa Wangoni waliopigana katika Vita vya Maji Maji. Mashujaa wanaokumbukwa kwa mauaji hayo ni 67, miongoni mwao Nkosi Mputa Gama wa Njelu na Nduna Songea Mbano, ambaye mji huo unaitwa kwa jina lake. Wengi wao walizikwa katika kaburi moja. Kila mwaka, siku kama hiyo, wakazi wa mkoa wa Ruvuma hukusanyika mahali hapo kuwakumbuka.

Katika vitabu vingi vya historia tukio hili hupewa aya moja, na aya hiyo huwa ya mwisho. Vita huanza Umatumbi mwezi wa Julai 1905 kwa kung'olewa miche ya pamba, hupanda hadhi kwa Kinjikitile Ngwale na maji yake ya Ngarambe, kisha huenea na kuzimwa. Songea huonekana kuwa ni mahali vita vilipofikia, wala si mahali panapoweza kuvieleza. Makala haya yanapinga mpangilio huo. Yanadai kwamba mwaka 1906, ukitazamwa kutoka Songea, ni fundo linalokutanisha mikondo mingi ya historia ya ulimwengu, na kwamba mtafiti anayeuanza mwaka huo Berlin, London au Cairo hulazimika kuiacha nje mikondo ambayo Songea huionyesha waziwazi.

Aina tatu za uhusiano

Hapana budi kuanza kwa tahadhari. Ni rahisi mno kuorodhesha mambo yaliyotokea katika mwaka mmoja na kuiita orodha hiyo historia ya ulimwengu. Mwaka 1906 mkutano wa mataifa ulifanyika Algeciras kuhusu Moroko, Uajemi ilipata bunge lake la kwanza, na chama cha Muslim League kiliundwa Dhaka. Mambo haya yalisadifiana na mauaji ya Songea kwa wakati tu, na kusadifiana si kuhusiana.

Kwa hiyo yafaa kupambanua aina tatu za uhusiano. Ya kwanza ni kusadifiana, yaani mambo mawili kutokea kwa wakati mmoja bila ya moja kulihitaji jingine. Ya pili ni kuwa na chanzo kimoja, ambapo watu wasiojuana hupatwa na dhiki ya namna moja kwa sababu zilizotoka mahali pamoja. Ya tatu ni kugusana, ambapo watu, fedha, silaha au habari hutoka upande mmoja na kubadili mambo upande wa pili. Mwanahistoria anayeutetea mwaka mmoja kuwa kipimo cha uchambuzi anawajibika kuonyesha uhusiano wa aina ya pili na ya tatu. Songea inakidhi sharti hilo.

Natal na Ungoni

Mkondo wa kwanza unaelekea kusini. Mwaka 1905 serikali ya Natal ilitunga sheria ya kodi ya kichwa ya pauni moja kwa kila mwanamume mtu mzima, na ukusanyaji wake ukaanza Januari 1906. Upinzani uliozuka uliongozwa na Bambatha kaMancinza, naye na wafuasi wake walishindwa katika bonde la Mome tarehe 10 Juni 1906. Maelfu ya Wazulu waliuawa. Huko nako wapiganaji walitumia dawa za kivita wakitumaini kwamba risasi hazitawadhuru.

Ni dhahiri kwamba Songea na Nkandla zilikuwa na chanzo kimoja, kwani katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani pia kodi mpya ya kichwa ilitangazwa mwaka 1905. Lakini uhusiano wao ni wa ndani zaidi. Wangoni wenyewe walitokana na misukosuko ya nchi ya Wazulu ya mwanzoni mwa karne ya 19. Kundi la Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835, na baada ya kifo chake huko Ufipa makundi yaliyogawanyika yaliendelea na safari hadi baadhi yao wakaanzisha dola za Njelu na Mshope. Cheo cha nduna alichokuwa nacho Songea Mbano kilitoka kusini pamoja na watu hao. Basi katika miezi ile ile ya mwaka 1906 matawi mawili ya shina moja, yaliyotengana kwa miaka sabini na zaidi, yalikatwa na dola mbili tofauti za Ulaya.

Kinaya hakiishii hapo. Jeshi ambalo Hermann von Wissmann alilikusanya mwaka 1889 ili kuiteka pwani lilikuwa na Wasudani walioandikishwa Misri, na pia watu kutoka Msumbiji ya Wareno ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Msingi wa jeshi lililokuja kujenga boma la Songea mwaka 1897 uliwekwa, kwa sehemu, na watu waliotoka katika mawimbi yale yale ya kuhama yaliyowaleta Wangoni. Mtu anayedai kwamba vita hivi vilikuwa kati ya Wazungu na Waafrika tu hajaitazama Songea kwa makini.

Berlin

Mkondo wa pili unaelekea kaskazini. Pamba iliyolazimishwa kulimwa pwani na kusini haikutokana na ukatili wa maakida peke yake. Viwanda vya nguo vya Ujerumani vilitegemea mno pamba ya Marekani, na wakuu wa koloni walitaka kujinasua katika utegemezi huo. Ni kweli kwamba katika Ungoni pamba haikuwa kero kuu kama ilivyokuwa Umatumbi. Manduna waliumizwa zaidi na kupokonywa mamlaka yao, na kwa kodi. Lakini walioleta maji Ungoni walikuja kutoka katika nchi ya pamba, na hivyo bei za soko la mbali ziliifikia Songea kwa kupitia midomo ya wajumbe.

Kwa upande wake, Songea nayo iliifikia Berlin. Vita vya Maji Maji pamoja na vile vya Waherero na Wanama huko Afrika ya Kusini-Magharibi viliigharimu serikali ya Ujerumani fedha nyingi na heshima. Tarehe 13 Desemba 1906 Bunge la Ujerumani lilivunjwa baada ya kukataa nyongeza ya fedha kwa ajili ya vita vya Kusini-Magharibi. Katika uchaguzi wa Januari 1907 viti vya chama cha Wasosialisti vilishuka kutoka 81 hadi 43. Gavana von Götzen alikuwa amekwisha kuondoka Dar es Salaam, na nafasi yake kushikwa na von Rechenberg. Huku ndiko kugusana. Watu ambao hawakuwa na kura walichangia kuwafanya wenye kura waitwe kupiga kura.

Denshawai na ukimya wa Songea

Mkondo wa tatu, ambao pengine ndio muhimu zaidi kwa wanazuoni wa Kiswahili, ni ule wa habari. Mwezi wa Juni 1906, katika kijiji cha Denshawai nchini Misri, maofisa wa Kiingereza waliokuwa wakiwinda njiwa waligombana na wanakijiji. Tarehe 28 Juni wakulima wanne walinyongwa. Mustafa Kamil aliipeleka habari hiyo katika magazeti ya Ulaya, Bernard Shaw akaiandikia, na mwaka uliofuata Lord Cromer akajiuzulu.

Kwa nini watu wanne wa Denshawai waliitikisa dhamiri ya ulimwengu, ilhali watu 67 wa Songea, miezi minne tu kabla yao, hawakusikika? Jibu haliwezi kuwa uzito wa msiba. Misri ilikuwa na magazeti yaliyomilikiwa na wananchi na wasomi walioweza kuandika kwa lugha zao na za watawala wao. Katika koloni la Wajerumani Kiswahili kilikuwa na gazeti, Kiongozi, lakini lilichapishwa na shule ya serikali huko Tanga. Lugha iliyowaunganisha wapiganaji wa makabila mengi haikuwa na chombo cha uchapishaji kilichokuwa mikononi mwao. Utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya vita hivi ulichapishwa mwaka 1933, tena Ujerumani. Ushahidi wa wazee ulianza kukusanywa kwa mapana na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Fasihi andishi nayo, kwa tamthilia mashuhuri ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, iliuweka moyo wa vita kwa nabii na maji yake. Songea ya mwaka 1906 bado inamngoja mwandishi wake.

Pingamizi la kalenda

Inaweza kuhojiwa kwamba mwaka 1906 si mwaka wa Wangoni. Tarehe 27 Februari ni tarehe ya boma. Kwa Mwislamu wa wakati ule siku hiyo iliangukia mwanzoni kabisa mwa mwezi wa Muharram, mwaka 1324 wa Hijria, na kwa mkulima wa Ungoni kipindi hicho kilikuwa ni cha vita na njaa iliyoletwa na majeshi yaliyochoma maghala na kuzuia kilimo. Pingamizi hili lina nguvu, lakini haliibatilishi hoja. Linaonyesha tu kwamba mwaka ni chombo cha mtafiti, na kwamba chombo hicho kina mwenyewe. Mtafiti mwadilifu atautumia mwaka 1906 kama mlango wa kuingilia, kisha ataacha njaa, ambayo haikuisha tarehe 31 Desemba, ivuke mipaka ya kalenda. Gilbert Gwassa alikadiria kwamba waliokufa katika vita hivi ni kati ya watu 250,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa hiyo.

Hitimisho

Suala hili si la darasani tu. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wazao wa Songea Mbano na kuomba msamaha. Aliahidi pia kusaidia kulitafuta fuvu la nduna huyo, ambalo inaaminika lilichukuliwa na kupelekwa Ujerumani. Ikiwa Songea ni tanbihi ya vita vilivyoanza kwingine, msamaha huo ni adabu ya mgeni kwa wenyeji wake. Lakini ikiwa Songea ni mahali ambapo kodi, pamba, jeshi na siasa za bunge la mbali vilikutana juu ya shingo za watu wenye majina, basi msamaha ni sura ya kwanza ya hesabu ambayo bado haijafungwa. Kuifungua hesabu hiyo kwa Kiswahili, kwa majina na tarehe zake, ni wajibu wa idara za Kiswahili na za historia kwa pamoja. Fuvu likirudi likute kwamba historia yake imekwisha kuandikwa.